Mabango ya Kisiasa ya China Enzi za Mao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa historia, wachoraji, na watu waliokuta bango la zamani la Kichina kwenye nyumba ya mzee fulani wakataka kujua linasema nini. Sehemu kubwa inahusu miaka ya 1949 hadi 1976, tangu Chama cha Kikomunisti cha Mao Zedong kishike madaraka hadi kifo chake. Karibu na mwisho kuna machache kuhusu nchi jirani za Asia.

## Mambo ya msingi

1. Mabango haya ni yapi hasa?

Ni picha za rangi zilizochapwa kwa wingi kwenye karatasi. Nyingi zina ukubwa wa takriban sentimita 77 kwa 53, na chini au juu yake kuna mstari mmoja au miwili ya maandishi makubwa. Zilitolewa na mashirika ya uchapishaji ya serikali, kama lile la sanaa la Shanghai lililoanzishwa mwaka 1952, na kuuzwa kwa bei ya chini katika maduka ya vitabu ya Xinhua. Zilibandikwa madarasani, viwandani, kwenye mabweni na ofisi za komuni (vijiji vilivyounganishwa kulima kwa pamoja), na pia ukutani nyumbani, mahali ambapo zamani ilikaa picha ya mungu wa jikoni.

Tusiyachanganye na yale yaliyoitwa dazibao, ambayo yalikuwa karatasi zilizoandikwa kwa mkono bila picha, za kumshutumu mtu au kutangaza msimamo. Hizo zilijaa vyuoni mwaka 1966, lakini historia yake ni nyingine.

2. Je, propaganda ni uwongo mtupu?

Hapana, na anayeanza na dhana hiyo hataelewa kwa nini watu waliyapenda. Chama cha Kikomunisti kilikuwa na idara ya uenezi waziwazi, na kazi ya idara hiyo ilikuwa pamoja na elimu ya kawaida kabisa: chemsha maji, peleka mtoto akachanjwe, jifunze kusoma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1950 ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa na kuweka masuria, na ilifika vijijini kwa njia ya picha, kwa sababu watu wengi huko hawakujua kusoma. Msichana aliyeona picha ya bibi na bwana harusi wakijiandikisha wenyewe ofisini, bila mshenga, alikuwa anaambiwa jambo la kweli kuhusu haki yake.

Lakini mashine iliyochapa picha hiyo ndiyo iliyochapa pia zile zinazozungumziwa katika swali la 8. Ugumu wa somo hili uko hapo.

3. Nani aliamua kichorwe nini?

Msingi uliwekwa Yan'an, ngome ya chama kaskazini magharibi mwa China kabla ya kushika nchi, mwezi Mei 1942, Mao alipowaambia waandishi na wasanii kwamba sanaa lazima iwatumikie wafanyakazi, wakulima na askari, na kwamba ubora wa kisanaa unakuja baada ya msimamo wa kisiasa. Novemba 1949, serikali mpya ikiwa haijamaliza hata miezi miwili, Wizara ya Utamaduni ilitoa agizo kuhusu picha za Mwaka Mpya: zichorwe upya, zibebe ujumbe wa taifa jipya.

Kuanzia hapo kila kampeni ya kitaifa ilikuja na mabango yake. Mchoraji alipewa mada, akatoa rasimu, rasimu ikajadiliwa na wahariri na viongozi, ikarudishwa, ikachorwa tena.

## Mtindo ulitoka wapi

4. Si waliiga tu Wasovieti?

Waliiga, ndiyo. Konstantin Maksimov, mchoraji kutoka Moscow, alifundisha rangi ya mafuta katika chuo kikuu cha sanaa cha Beijing kati ya 1955 na 1957, na wanafunzi wake wakawa walimu wa kizazi kilichofuata. Lakini ukisema ni Usovieti tu, unawanyang'anya Wachina kazi yao wenyewe.

Miaka mingi kabla ya hapo, Agosti 1931, mwandishi Lu Xun aliandaa mafunzo mafupi ya kuchonga chapa za mbao mjini Shanghai. Mwalimu alikuwa Mjapani, Uchiyama Kakichi, na Lu Xun mwenyewe akawa mkalimani. Aliwaonyesha vijana kazi za Käthe Kollwitz wa Ujerumani, ambaye wino wake mweusi ulisimulia njaa na maombolezo. Chapa ya mbao ilimfaa mwanamapinduzi asiye na fedha, kwani alihitaji ubao, kisu, wino na karatasi tu. Vita na Japani vilipowasukuma vijana hao hadi Yan'an, wakulima wa huko hawakuzipenda picha zao. Walilalamika kwamba nyuso zimejaa weusi, nusu ya mtu imekuwa kivuli. Gu Yuan na wenzake wakasikiliza. Wakapunguza vivuli, wakasafisha mistari, wakachukua mpangilio wa picha za Mwaka Mpya ambazo wakulima walizizoea tangu utotoni, zile zilizotengenezwa kwa karne nyingi katika miji kama Yangliuqing karibu na Tianjin.

Naona huo ndio wakati bora kabisa katika historia yote hii, kwa sababu wachoraji walikuwa wanajifunza kutoka kwa watazamaji wao. Baadaye mambo yakageuka.

5. Ni kweli waliochora matangazo ya sigara ndio waliochora mabango ya ujamaa?

Kweli kabisa. Shanghai ya miaka ya 1920 na 1930 ilijaa kalenda za matangazo: mwanamke wa mjini amevaa qipao (gauni la Kichina la kubana), ngozi laini, mashavu ya waridi, na chini yake jina la kampuni ya sigara au manukato. Karakana maarufu ilikuwa ya Hang Zhiying. Mbinu yao ilikuwa kusugua unga wa mkaa kwenye karatasi ili kuumba uso, kisha kupitisha rangi ya maji juu yake, tabaka kwa tabaka, hadi ngozi ing'ae.

Baada ya 1949 kampuni za kigeni ziliondoka, wachoraji wakabaki na mikono yao. Li Mubai na Jin Xuechen, waliokulia katika karakana hiyo, wakaanza kuchora madereva wa trekta na wavunaji wa ngano. Mashavu yalikuwa yaleyale ya waridi. Wahakiki walinung'unika kwamba mkulima huyu anafanana na bibi wa mjini, lakini wanunuzi walizichukua picha hizo kwa furaha, na kwa miaka kadhaa serikali ilivumilia. Mapinduzi ya Kitamaduni, kampeni ya Mao ya kung'oa yote yaliyoitwa ya zamani au ya kibepari, yalipoanza mwaka 1966, mtindo huo ulishambuliwa kuwa mabaki ya ubepari.

## Kusoma bango

6. Kwa nini wote ni wekundu, wana nguvu na wanatabasamu?

Jibu linategemea mwaka. Picha za miaka ya 1950 zina kijani kibichi, buluu, waridi, na watu wanaofanya mambo ya kawaida. Zile za 1966 hadi 1976 zilifuata kanuni kali, nyingi zikisimamiwa na kundi la Jiang Qing, mke wa Mao. Kanuni moja ilidai picha iwe nyekundu, angavu na yenye kung'aa. Nyingine, iliyotoka katika michezo ya jukwaani, iliamuru ngazi: kati ya wahusika wote watangulie wema, kati ya wema watangulie mashujaa, kati ya mashujaa atangulie mmoja mkuu. Ndiyo maana katika bango la wakati huo jicho lako linapelekwa mahali pamoja tu. Shujaa ni mkubwa na amesimama mbele kwenye mwanga, huku adui akiwa mdogo, amejikunja kwenye kona yenye giza.

Uso wa Mao ulikuwa na masharti yake. Haukupaswa kuwa na kivuli kizito, wala rangi za kijivu na za baridi zilizoufanya uonekane mgonjwa. Mara nyingi mwanga hautoki juani, unatoka kwake.

Tabasamu nalo lilitimiza kazi. Katika bango, jasho la mfanyakazi ni dalili ya furaha, kamwe si ya uchovu.

7. Sijui Kichina. Nianzie wapi?

Anzia pembezoni. Kwenye ukingo wa chini kuna maandishi madogo yenye jina la shirika lililochapa, mwaka, mara nyingi idadi ya nakala na bei. Mwaka peke yake utakufikisha mbali. Bango la 1958 lenye mahindi makubwa na bango la 1973 lenye mahindi makubwa yanazungumza na watu wenye kumbukumbu tofauti kabisa.

Kisha tazama vitu. Kitabu chekundu kidogo mkononi kinaashiria miaka ya mwisho ya 1960. Mashamba ya ngazi mlimani ni Dazhai, kijiji cha Shanxi kilichofanywa mfano wa kilimo. Minara ya mafuta kwenye theluji ni Daqing, mfano wa viwanda. Askari kijana mwenye kofia ya manyoya ni Lei Feng, aliyefariki Agosti 1962 na ambaye Mao alitoa wito afuatwe Machi 1963. Mtoto mnene aliyekumbatia samaki ni wa zamani kuliko chama chenyewe. Ametoka katika picha za Mwaka Mpya, na samaki ni dua ya kuwa na akiba ya mwaka mzima.

## Kilichofichwa

8. Je, kuna bango lililoonyesha njaa ya 1959 hadi 1961?

Hapana. Na kama kuna jambo moja ningependa msomaji alikumbuke katika ukurasa huu, ni hilo.

Mwaka 1958 Mao alianzisha kampeni iliyoitwa Hatua Kubwa Mbele. Wakulima walikusanywa katika komuni, wakajenga tanuri za kuyeyusha chuma nyuma ya nyumba zao, huku viongozi wa ngazi zote wakishindana kutangaza mavuno ambayo hayakuwepo. Serikali ikachukua nafaka kulingana na takwimu hizo za uwongo. Picha za wakati huo zinaonyesha nguruwe mkubwa kama tembo, boga linalotumika kama mashua, watoto waliopanda hindi linaloruka angani kama roketi. Kuta za vijiji vizima zilipakwa picha kama hizo, nyingine kwa mikono ya wakulima wenyewe. Kisha watu wakaanza kufa. Makadirio ya wanahistoria yanatofautiana sana, mengi yakiwa kati ya milioni 15 na milioni 45. Mashine za uchapaji ziliendelea kutoa watoto wanono.

Mfano mdogo unaonyesha utaratibu ulivyofanya kazi. Kampeni ya wadudu na wanyama waharibifu wanne iliwaweka panya, nzi, mbu na shomoro kwenye bango moja. Watu walipiga sufuria na ngoma siku nzima ili shomoro wasitue, hadi wakaanguka kwa uchovu. Shomoro walipotoweka, wadudu waliokuwa wakiliwa nao wakaongezeka mashambani. Mwaka 1960 shomoro akaondolewa kwenye orodha na kunguni akawekwa mahali pake. Orodha ilibaki na idadi ileile ya wanne.

9. Ni kweli watu walifutwa kwenye picha?

Ndiyo, na kisa kinachojulikana zaidi ni cha Dong Xiwen. Mwaka 1953 alikamilisha mchoro mkubwa wa rangi ya mafuta unaomwonyesha Mao juu ya lango la Tiananmen akitangaza taifa jipya tarehe 1 Oktoba 1949, viongozi wengine wamesimama nyuma yake. Mao aliusifu. Ukachapwa kama bango, ukaingia vitabuni.

Mwaka 1954 mmoja wa viongozi hao, Gao Gang, aliporomoka kisiasa akajiua. Dong akaagizwa amwondoe. Akampaka rangi juu, akapanua maua ya krisanthemamu yaliyokuwa miguuni pa viongozi. Wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni ikawa zamu ya Liu Shaoqi, aliyekuwa mkuu wa nchi. Mchoraji akamfuta na kumweka kiongozi mwingine, Dong Biwu. Mwaka 1972 likaja agizo la tatu, kumwondoa Lin Boqu. Safari hii mchoraji alikuwa mgonjwa wa saratani, na turubai lenyewe lilikuwa limechoka, hivyo Jin Shangyi na Zhao Yu wakachora nakala nzima bila mtu huyo. Dong Xiwen alifariki mwaka 1973. Mwishoni mwa muongo huo, upepo ulipobadilika, waliofutwa wakarudishwa kwenye nakala.

Ukikuta bango la mchoro huu, hesabu watu wa mstari wa mbele kabla ya kuuliza mwaka.

10. Picha ipi ilichapwa kuliko zote?

Inayotajwa kwa kawaida ni ile ya Mao kijana anayetembea mlimani kuelekea Anyuan, amevaa kanzu ndefu na kushika mwavuli. Liu Chunhua aliichora mwaka 1967 akiwa mwanafunzi, na idadi inayonukuliwa ni nakala milioni 900.

Nyuma yake kuna mgogoro uleule wa swali la 9. Mgomo wa wachimba makaa wa Anyuan wa mwaka 1922 uliongozwa kwa sehemu kubwa na Liu Shaoqi, na mwaka 1961 Hou Yimin alikuwa amechora picha yake akiwa katikati ya wachimbaji. Liu alipoanguka, historia ya Anyuan ilihitaji mwenyewe mpya, na mchoro wa 1967 ukampa Mao nafasi hiyo. Hakuna mtu mwingine kwenye picha.

## Wachoraji

11. Je, walikuwa salama kwa kuwa waliitumikia serikali?

Utii haukuwa kinga. Mwaka 1959 Ha Qiongwen wa Shanghai alichora bango la kumtakia Mao maisha marefu: mama mwenye qipao na hereni amembeba binti yake begani, maua kila upande. Lilipendwa mno. Miaka michache baadaye likahukumiwa kwa makosa mawili: mavazi ya kibepari, na Mao mwenyewe haonekani.

Mwaka 1974 yakaandaliwa maonyesho Beijing ya kuwaaibisha wachoraji, kazi zao zikaitwa picha nyeusi. Bundi wa Huang Yongyu, aliyefumba jicho moja, alisomwa kuwa ni dharau kwa mapinduzi.

12. Kwa nini mabango mengi hayana jina la mchoraji?

Katika miaka ya Mapinduzi ya Kitamaduni jina binafsi lilihesabiwa kuwa ubinafsi, kwa hiyo kazi ziliandikwa kuwa za kikundi fulani cha kiwanda, jeshi au chuo. Wachoraji wakulima wa Huxian, mkoani Shaanxi, ndio waliosifiwa zaidi, na maonyesho yao ya Beijing mwaka 1973 yalipelekwa pia nje ya nchi. Walikuwa wakulima kweli, lakini wachoraji wa vyuoni waliwasaidia kupanga na kurekebisha picha. Kwangu jambo hilo haliwashushi. Linamshusha aliyedai kwamba hawakusaidiwa.

## Afrika kwenye mabango

13. Kwa nini Waafrika wanaonekana mara nyingi hivyo?

Baada ya mkutano wa nchi za Asia na Afrika uliofanyika Bandung, Indonesia, mwaka 1955, na hasa baada ya kukosana na Moscow, Beijing ilitafuta marafiki katika nchi zilizokuwa zikijikomboa. Katika miaka ya 1960 Mwafrika wa bangoni ni mpiganaji: bunduki mkononi, minyororo iliyokatika, Mwasia na Mmarekani Kusini pembeni yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 anaonekana akiwa na daktari, fundi au mtaalamu wa kilimo kutoka China. Tarehe 25 Oktoba 1971 China ilipata kiti chake Umoja wa Mataifa kwa kura 76, 26 kati yake zikiwa za Afrika, na Salim Ahmed Salim, balozi wa Tanzania, alikuwa mstari wa mbele katika kuipigania.

Heshima iliyomo kwenye picha hizi haipaswi kudharauliwa. Wakati ule katika magazeti mengi ya Ulaya Mwafrika alichorwa kwa kejeli, na hapa amesimama wima. Hata hivyo mara nyingi hana nchi. Nguo zake ni mchanganyiko wa kila mahali, na katika picha za 1967 na 1968 anatazama juu kuelekea kwa Mao, akipokea mwanga badala ya kuutoa.

14. Na reli ya TAZARA?

Makubaliano yalitiwa saini Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikakabidhiwa Julai 1976. Ilikuwa mada kamili kwa uenezi: mkopo usio na riba, mahandaki, madaraja, mafundi wa rangi mbili wakishika chombo kimoja. Wasikilizaji wa Kiswahili walikuwa tayari wakiisikia sauti ya China, kwani Redio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961.

Picha zilionyesha urafiki, na urafiki ulikuwepo. Hazikuonyesha waliokufa kazini. Hao wanakumbukwa katika makaburi ya wataalamu wa China kule Gongo la Mboto, Dar es Salaam, ambako majina yamechongwa kwenye jiwe, jambo ambalo bango halikuwahi kulifanya kwa mfanyakazi wa kawaida.

## Majirani na mambo ya pembeni

15. Nchi nyingine za Asia zilikuwa na mabango kama haya?

Zilikuwa nayo, kila moja kwa namna yake. Korea Kaskazini ina karakana ya Mansudae, iliyoanzishwa 1959, ambayo imejenga pia sanamu Afrika, ikiwemo ile kubwa ya Dakar iliyozinduliwa 2010. Vietnam iliendelea kuchora mengi kwa mkono wakati wa vita. India ya kupigania uhuru ilipata mabango ya Nandalal Bose kwa mkutano wa chama cha Congress uliofanyika Haripura mwaka 1938, yenye mafundi, wapiga ngoma na wakulima, bila kiongozi hata mmoja kuabudiwa.

Ninalolipenda zaidi ni la Indonesia, 1945. Affandi alichora kijana anayekata minyororo, rafiki yake mchoraji Dullah akawa kielelezo, na mshairi Chairil Anwar akatoa maneno mafupi ya kuwaita vijana: twendeni, ndugu!

16. Kwa nini embe?

Msomaji wa pwani hushangaa kuona embe limebebwa kwenye sinia kama kitu kitakatifu. Agosti 1968 waziri wa mambo ya nje wa Pakistan alimpa Mao zawadi ya maembe. Mao hakuyala. Aliyatuma kwa wafanyakazi waliopelekwa kutuliza Chuo Kikuu cha Tsinghua, ambako vikundi vya Walinzi Wekundu, vijana wanamapinduzi wafuasi wa Mao, vilikuwa vikipigana. Watu wengi wa kaskazini mwa China hawakuwahi kuliona tunda hilo. Likachukuliwa kuwa ishara kwamba Mwenyekiti Mao amewakabidhi wafanyakazi usukani. Zikatengenezwa nakala za nta ndani ya vioo, vikombe, na mabango. Baada ya mwaka mmoja hivi embe likatoweka kimyakimya.

17. Nitatambuaje bango la asili?

Karatasi ya zamani ni nyembamba, imekuwa njano, na mara nyingi ina alama za mikunjo au matundu ya pini. Maandishi ya ukingoni (tazama swali la 7) yanasomeka vizuri, wakati kwenye nakala mpya za watalii huwa yamefifia kwa kuwa yamepigwa picha pamoja na bango. Karatasi nene inayoteleza ni ya juzi.

18. Je, ni vibaya kulitundika nyumbani?

Tundika, mradi unaweza kumjibu mgeni anayeuliza. Picha ya mavuno ya 1959 ukutani bila maelezo yoyote inaendelea kufanya kazi iliyotumwa kuifanya. Makusanyo mazuri, kama jumba la mabango la Shanghai na taasisi ya historia ya jamii ya Amsterdam, huweka mwaka na muktadha kando ya kila picha. Kipande cha karatasi chenye mwaka na sentensi mbili, kilichobandikwa chini ya fremu, kinatosha.